UZI: Siku niliyokunywa chai Hong Kong, nyumba ya chai isiyopika nyama wala samaki

#1 Mama Vitenge (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye ule mjadala wa wanaokwenda kufunga mzigo China, niliahidi kueleza nilivyokula vitafunwa vya Kikantoni nikiwa Muislamu na nisiingie doa. Nimekawia, sasa hivi watoto wamelala, nakaa niandike yote. Ni ndefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Ilikuwa Machi 2019. Nilikuwa nimefikia Chungking Mansions pale Tsim Sha Tsui, jengo ambalo wafanyabiashara wengi wa kwetu wanalijua. Asubuhi naswali Msikiti wa Kowloon, ni hatua chache kutoka mlangoni, halafu nashika treni kwenda Sham Shui Po kutafuta vifungo, zipu na lesi. Kule mtaa mzima unakuta vifungo tu, mtaa wa pili shanga tu. Kuna mama mmoja ninayenunua kwake miaka mingi, mtu mzima, amemzidi umri mama yangu mdogo. Kiingereza chake ni cha dukani na changu ni cha dukani, tunaelewana.

Kila safari alikuwa ananiambia twende "yam cha", na kila safari nakataa. Nilikuwa nimeshapita mbele ya zile hoteli zao nikaona vikapu vya mwanzi vinafuka mvuke, nikajua ndani kuna nguruwe, kamba wamechanganywa na nguruwe, hata vinavyoonekana vya mboga vimekaangiwa mafuta yake. Nilimwambia wazi sababu. Hakukasirika. Akatazama kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akasema: "Alhamisi ni siku yangu ya jaai. Alhamisi unakuja na mimi."

Jaai ni kula bila nyama, bila samaki, bila kitu chochote kilichochinjwa. Wakantoni wengi wanaofuata Ubudha wanafanya hivyo tarehe mosi na tarehe 15 ya mwezi mwandamo. Alhamisi ile ilikuwa mosi kwao. Siku moja mbili baadaye kwetu ukaandama mwezi wa Rajabu. Nilipomwambia kwamba na sisi tunahesabu kwa mwezi, alifurahi sana, akawaita wenzake wa duka la pili awaambie.

Basi, tukaenda LockCha, nyumba ya chai ndani ya Hong Kong Park, karibu na kituo cha Admiralty. Ile bustani iko katikati ya maghorofa ya benki, lakini ukishaingia unasikia maji na ndege. Kuna jumba jeupe lenye baraza na nguzo, Flagstaff House, lilijengwa 1846 likawa makazi ya mkuu wa majeshi ya Waingereza. Tangu 1984 ni makumbusho ya vyombo vya chai. Pembeni yake kuna jengo lingine lililofunguliwa 1995, limepewa jina la K. S. Lo, mzee aliyeanzisha Vitasoy, yale maziwa ya soya, ndiye aliyetoa vyombo vyake vya chai viwekwe makumbusho. Nyumba ya chai ilikuwa ghorofa ya chini ya jengo hilo. Mwanzilishi wake ni mwalimu wa chai, Ip Wing-chi, aliyeanza biashara hiyo 1991.

Ndani ni mbao nyeusi, viti vya mtindo wa zamani vyenye migongo iliyonyooka, vibuyu vya udongo rafuni, na utulivu. Nilizoea kwamba hoteli za Wakantoni zina kelele kama Kariakoo siku ya sikukuu. Hapa watu wananong'ona. Saa nne asubuhi, meza kama nne tu zina watu.

Sasa jambo ambalo ndilo limenifanya niandike uzi huu. Nilidhani tumekwenda kula. Karatasi ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa ya chai peke yake, ukurasa baada ya ukurasa. Chakula kilikuwa kikaratasi kimoja kidogo na penseli. Yule mama akaniambia: "Yam ni kunywa, cha ni chai. Tumekuja kunywa chai. Vingine ni vya kusindikiza."

Wakuu, mimi nikaelewa palepale bila kufafanuliwa zaidi, kwa sababu ni Kiswahili kabisa! Sisi tukiulizana asubuhi "umeshakunywa chai?" hatuulizii kikombe, tunaulizia mlo mzima. Na muhogo, maandazi, vitumbua, chapati, vyote tunaviita vitafunwa, vitu vya kutafunia chai. Watu wa nchi nyingine inabidi waelezwe maana ya yam cha. Mswahili haelezwi. Hata neno lenyewe ni lile lile, wao cha, sisi chai, limetembea kupitia Uajemi na India mpaka likatufikia.

Nitaendelea chini, simu inaisha chaji.

#2 Mama Vitenge

Naendelea.

Yeye aliagiza bolei, ile chai nyeusi iliyohifadhiwa miaka. Mimi nikaachiwa nichague, nikachagua tit gwun yam kwa kuwa nilivutiwa na punje zake. Majani yake yamevingirishwa yakawa vidonge vidogo vya kijani kibichi kilichofifia, kama kunde zilizokauka.

Binti wa pale akaja na birika dogo la udongo, dogo mno, linaingia kwenye kiganja. Akalimwagia maji ya moto lipate joto. Akatia vidonge, labda kijiko kimoja. Akamimina maji, akasubiri kidogo sana, akayamwaga yote. Nilishtuka, kwetu hiyo ndiyo chai yenyewe! Kumbe maji ya kwanza ni ya kuyaamsha majani na kuyasafisha. Ya pili ndiyo tukamiminiwa, kwenye vikombe visivyo na mkono, vidogo vile vile kama vya kahawa chungu ya barazani. Yaani ukiwakalisha wazee wa Mkunazini pale na vile vikombe hawataona ugeni.

Hakuna sukari. Hakuna maziwa, tangawizi wala iliki. Fundo la kwanza nililihisi tupu. Nikasubiri. Baada ya kumeza ndipo likarudi, utamu mwembamba upande wa nyuma wa ulimi na harufu kama ya maua ya usiku. Maji yaliongezwa mara sita kwenye majani yale yale na kila mara ladha ilikuwa nyingine. Mara ya tatu ndiyo niliipenda kuliko zote.

Vitafunwa vikaja kimoja kimoja. Nikitaja vyote sitamaliza, nitasema vitatu.

Cha kwanza fan gwo, mfano wa kisambusa kidogo cha mvuke. Ganda lake linapitisha mwanga. Kabla hujakiuma unaona ndani karoti, kitu cha kijani, na weusi wa uyoga, kama unatazama kupitia kioo chenye ukungu. Kwa meno ganda linavutika kidogo halafu linakatika, na ndani kuna kitu kinaalika, ni kiazi fulani cha majini wanachokipenda.

Cha pili lo bak go. Hiki ni figili nyeupe, zile ndefu nene, zimekunwa zikachanganywa na unga wa mchele, zikapikwa kwa mvuke kwenye sinia, kisha zikakatwa vipande na kukaangwa juu mpaka zikawa za kahawia. Nje kunakwaruza, ndani laini kama ugali wa moto wa mchele. Hoteli za kawaida huwa wanatia ndani soseji ya nguruwe na vijikamba vikavu. Hapa ilikuwa uyoga.

Cha tatu wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi. Ukilifungua, mvuke unatoka na harufu ya jani, kama vile mkate wa kuokwa kwenye jani la mgomba unavyobeba harufu ya mgomba.

Tulikaa muda wa karibu saa tatu. Hakuna aliyetutazama kwa jicho la "ondokeni". Nilijua nimekula kidogo kuliko ninavyokula nikitoka sokoni, na njaa sikuihisi mpaka Alasiri.

#3 Bin Tanga

Shukrani dada kwa uzi. Nina swali la uhakika kwa sababu naenda mwakani inshallah. Kukosa nyama tu kunatosha? Pombe ya kupikia je? Wachina wanaitia kwenye kila kitu.

#4 Mama Vitenge

Kaka Bin Tanga, umeuliza la msingi. Mimi si shehe, nakueleza nilivyofanya na nilivyojifunza.

Kwanza ujue nguruwe anajificha wapi. Watu wanadhani yuko kwenye nyama tu. Lile ganda linalopitisha mwanga, kwenye hoteli za kawaida mara nyingi linakandwa na mafuta ya nguruwe kidogo ili liwe laini. Kuna kitafunwa kinaitwa wu gok, ni magimbi haya haya yetu yaliyopondwa, yakikaangwa yanatoka nyuzinyuzi kama kiota cha ndege. Ukikiona utasema ni cha mboga moja kwa moja. Donge lake la magimbi lina mafuta ya nguruwe na ndani nyama. Mboga za majani nazo wanazimwagia mchuzi wa chaza. Kwa hiyo kuonyesha kwa kidole "hii mboga" hakukuokoi.

Ukiwa jikoni la jaai, hivyo vyote vimeondoka kwa mpigo mmoja. Na wale wanaofuata Ubudha barabara wanaacha pia vitunguu maji, vitunguu saumu, majani ya vitunguu na jamii yake, kwa kuwa wanaamini vinachafua utulivu wa moyo. Kilevi nacho kimekatazwa katika maagano yao. Lakini si kila mgahawa wa mboga ni wa Kibudha, kwa hiyo pombe lazima uulize, hata mimi niliuliza, yule mama akamuuliza mpishi kwa niaba yangu mbele yangu.

Maneno ya kushika: "ngo sik jaai", mimi nakula jaai. Na "jyu yau" ni mafuta ya nguruwe, ukilitaja hilo huku unatikisa mkono wanaelewa haraka.

#5 Mswahili wa Xiaobei

Naongezea kwa Bin Tanga. Hong Kong kuna msikiti Wan Chai, Masjid Ammar, una kituo cha Kiislamu, na ghorofa ya 5 kuna mgahawa unaouza dim sum, yaani hivi vitafunwa vya yam cha, halali kabisa, kuku na kamba bila nguruwe. Ukitaka za nyama nenda pale. Mchana wa Ijumaa unajaa, wahi.

Mimi naishi Guangzhou, mwaka wa kumi na kitu sasa, na ndiko yam cha ilikozaliwa. Mleta uzi ameeleza upande wa utulivu, mimi nieleze upande wa asubuhi ya wazee. Saa kumi na mbili alfajiri wameshapanga mstari mlangoni na magazeti. Wana msemo wao "jat jung leung gin", kikombe kimoja vipande viwili. Ndicho kipimo cha zamani, kikombe chenye kifuniko na vitafunwa viwili, mzee anasukuma navyo asubuhi nzima. Wakati wa utawala wa Qing kulikuwa na vibanda vya chai vya bei ya li mbili, sarafu ndogo kabisa, meza na mabenchi tu, wabeba mizigo wanapumzika. Zile nyumba kubwa za ghorofa zilifuata baadaye. Lin Heung Lau ya huku inahesabu miaka yake tangu 1889.

Wanaotaka jaai Guangzhou, kuna mgahawa mkongwe, Caigenxiang, barabara ya Zhongshan ya 6. Maana ya jina ni harufu nzuri ya mizizi ya mboga. Uzuri wake ni kwamba uko jirani na hekalu la Liurong, na kwa miguu unafika Msikiti wa Huaisheng wenye ule mnara wa kale wa mita 36 hivi. Wenye mnara wanauita mnara wa nuru. Ijumaa naswali pale, nikitoka naingia kula mboga. Wateja wengi ni bibi na babu waliotoka hekaluni. Tunakaa meza moja na hakuna anayemuuliza mwenzake katokea ibada gani.

Adabu za mezani: mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili vilivyokunjwa. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alikuwa anatembea kwa kujificha, akamiminia chai watumishi wake. Wasingeweza kupiga magoti hadharani, siri ingetoka, wakapigisha magoti vidole. Kama ilitokea kweli au la, kila mtu anagonga. Na birika likiisha maji usiite, geuza kifuniko kikae nusu wazi, wenyewe wanakuja kuongeza.

#6 Mama Vitenge

Mkuu wa Xiaobei, asante sana. Hilo la vidole nilifundishwa siku ile. Nilikuwa nasema asante kila nikimiminiwa, mpaka yule mama akanishika mkono taratibu akanigongesha vidole mwenyewe. Na nilimuona namna anavyomimina, anaanza na wengine, kikombe chake cha mwisho. Mkubwa anatangulizwa. Siku ile nikajaribu kumuwahi birika, na yeye ananiwahi, mkono juu ya mkono, kama tunavyogombea kulipa nauli kwenye daladala.

#7 Jikoni Kwetu

Mleta uzi, mimi ni mpishi wa vitafunwa Temeke, sambusa na katlesi. Hilo ganda linalopitisha mwanga limenikosesha usingizi. Linatengenezwaje? Unga gani?

#8 Mama Vitenge

Dada Jikoni, nilijua mtu ataliuliza, na ndiyo sehemu niliyoiulizia zaidi!

Si unga wa kawaida. Ni wanga wa ngano. Wanakanda donge la ngano, halafu wanaliosha ndani ya maji, wanaliminya na kuliosha tena. Maji yanakuwa meupe kama tui. Yale meupe yakitulia chini na kukauka ndio wanga. Kinachobaki mkononi ni kitu cha kunata na kuvutika kama mpira, na hicho hakitupwi: wanakipika, wanakitia mchuzi, kinakuwa "nyama" ya jaai. Yaani donge moja la ngano linazaa ganda na linazaa kitoweo. Mimi hilo lilinistaajabisha kuliko vyote vya jikoni.

Wanga huo unachanganywa na wanga wa muhogo, sehemu ndogo. Ndiyo, muhogo wetu. Unamwaga maji yanayochemka kwa mkupuo, unakoroga haraka na mwiko, unafunika kidogo, kisha unakanda ungali wa moto na mafuta ya mboga. Maji yakiwa ya uvuguvugu tu, umepoteza, halitashikana. Kata vidonge, funika na kitambaa kibichi kwa sababu vinakauka upesi. Kusukuma hawatumii mti wa chapati. Wanapaka mafuta upande wa upanga mpana wa jikoni na kukandamiza kidonge huku wanazungusha, mara moja, kinakuwa duara jembamba. Mikunjo ya pembeni ndiyo cheo cha mpishi. Za kamba, har gau, watu wanahesabu, chini ya saba ni mwanafunzi.

Nilijaribu nyumbani kwa wanga wa muhogo peke yake. Linang'aa kweli, ila linakuwa mpira, linatafunwa halimaliziki. Wanga wa ngano unaulizia maduka ya Wachina. Mvuke dakika chache tu kwenye kikapu, chini weka jani la kabichi lisigande.

Ndani weka uyoga mkavu ulioroweshwa, karoti, na ukikosa kile kiazi cha majini nadhani figili mbichi iliyokatwa ndogo itakupa mlio. Maji ya kurowekea uyoga usiyamwage, ndiyo mchuzi wao. Jikoni lisilo na kitunguu wala nyama, utamu unatoka hapo.

#9 Msafiri Mpole

Bei jamani? Na mtu akiwa Guangzhou anavukaje?

#10 Mama Vitenge

Chai inalipiwa kwa kila mtu, na kila mmoja kulingana na chai aliyochagua. Hata hoteli za kawaida Hong Kong utakuta kwenye risiti mstari wa chai kwa idadi ya watu, usidhani umeibiwa, ndiyo desturi. Nyumba kama hii chai itakuzidi bei ya chakula, na bolei ya miaka mingi inaweza kukutoa jasho, kwa hiyo soma bei kabla ya jina. Huwa wanaongeza na asilimia 10 ya huduma. Nyumba za chai zinahama, zinabadili saa, piga simu kwanza.

Kuvuka ni rahisi, tangu Septemba 2018 kuna treni ya kasi kutoka Guangzhou Kusini mpaka Kowloon Magharibi, ni kama saa moja. Lakini shikeni hili: viza ya China ya kuingia mara moja, ukivuka kwenda Hong Kong umeshatoka China. Huwezi kurudi Guangzhou kwa viza ile. Nimeona mtu ameacha mzigo wake upande ule na hawezi kuurudia. Omba ya kuingia mara mbili kabla hujatoka nyumbani.

#11 Kipkeino wa Majani

Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Kericho, nimekulia katikati ya mashamba ya majani chai. Uzi huu umenigusa. Kwetu jani likifika kiwandani linakatwa, linapondwa na kuviringwa na mashine mpaka linakuwa chembechembe. Sijawahi kuona jani zima ndani ya kikombe. Hiyo yao ni mmea tofauti na wetu?

#12 Mama Vitenge

Ndugu wa Kericho, ni mmea ule ule mmoja, ila una jamii mbili kubwa, ya majani madogo na ya majani makubwa. Mashamba yetu ya Afrika Mashariki mengi ni ya majani makubwa, asili yake Assam. Na bolei aliyoagiza yule mama, inayotoka Yunnan, nayo ni ya majani makubwa. Kwa hiyo chai ghali kuliko zote pale mezani ilikuwa ndugu wa damu wa ile ya kwako na ya kwangu.

Nasema na ya kwangu kwa sababu kuna kitu sikukisema mwanzo. Mimi ni wa Usambara, upande wa Bumbuli. Mama yangu amechuma chai tangu hajaolewa. Nimebebwa mgongoni ndani ya mistari ya chai, na nilipopata nguvu nikavalishwa kikapu changu kidogo. Vidole vyake vya kulia vina weusi usiotoka, ni utomvu wa majani. Nyumbani tulikunywa ile ya pakiti kutoka dukani, ya chembechembe, kama nyumba nyingine yoyote.

Siku ile Hong Kong, maji ya sita yalipoisha, binti wa pale alifunua birika akatoa majani kwa kibanio cha mwanzi, akayaweka kwenye kisahani cheupe ili tuyaone. Kile kidonge kidogo kama kunde kilikuwa kimefunguka chote. Jani zima, refu kama kidole changu, na meno yake ya pembeni, na mshipa wake wa kati, na kijiti kimeshika majani matatu. Nikalitambua kama unavyomtambua mtu wa kijijini kwenu ukikutana naye Dubai. Nilinyamaza. Yule mama akaniuliza kama naumwa, nikamwambia nimeona kazi ya mama yangu. Hakuuliza zaidi, akagonga vidole mezani mara mbili.

Nilinunua robo kilo nikaja nayo.

#13 Kipkeino wa Majani

Na mama aliinywa?

#14 Mama Vitenge

Aliinywa. Nilimpikia vile vile, birika dogo sina, nikatumia bakuli na kisahani juu. Maji ya kwanza nilipoyamwaga alinishika mkono, akasema unamwaga chai ya watu.

Alipomaliza kikombe hakusema kitu kuhusu ladha. Alitia vidole bakulini akatoa jani moja, akalikunjua juu ya kiganja, akalisogeza dirishani. Akasema: "Hili limekomaa. Sisi tungelirudishiwa kwenye mizani."

Ni kweli. Kwetu kinachopokewa ni kichipukizi na majani mawili laini, jani lililokomaa karani analichambua na kilo zinapungua. Tit gwun yam wanaliacha likue kwanza, kichipukizi kifunguke, ndipo wanachuma majani matatu manne na kijiti chake, kwa sababu lile laini halistahimili kuvingirishwa na kuchomwa. Nilimweleza hivyo. Alikaa kimya muda mrefu na lile jani mkononi, halafu akauliza wanalipwa kwa kilo au kwa siku.

Sikuwa na jibu. Mkuu wa Xiaobei, kama una mtu Anxi, kule inakotoka tit gwun yam, niulizie. Bado ananidai.